Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Manispaa ya Moshi: yale masaa ya kwenye benchi tuyatumie

Shikamoo Dokta, pole na majukumu.

Mi ni dereva wa bajaji hapa mjini Moshi, kijiwe chetu kipo jirani na kituo cha afya, jina sikitaji maana sijaja kumsema mtu. Hili jambo nimeliongea sana kijiweni mpaka wenzangu wakachoka, wakaniambia we andika barua, sisi hatuna cheo cha kukusaidia.

Ombi langu ni hivi: siku za kliniki ya presha na sukari, wale wazee wakiwa wamekaa wanasubiri, apatikane fizio, yule mtaalamu wa tiba ya viungo kwa mazoezi, au hata mwanafunzi wa fizio awafanyishe mazoezi mepesi hapohapo walipo, dakika ishirini, nusu saa ikizidi.

Sisi ndo tunaowaleta. Kuna wa Pasua, Njoro, Majengo, wapo na wanaoshuka toka Kibosho, mtu anatoka kwake giza bado halijaisha ili awahi namba, anakaa kwenye benchi mpaka saa sita huko, na mimi nikija kumchukua anashika chuma cha bajaji ananiambia subiri kwanza mwanangu, magoti hayajafunguka. Na kweli hayajafunguka, maana fizio mmoja alinielezea kwamba ile gegedu ya kwenye goti, yaani ule mfupa laini unaofunika ncha za mifupa, haina mishipa ya damu, chakula chake inakipata kwenye ule uteute wa ndani ya goti, na uteute unazunguka pale tu goti linapokunjwa na kukunjuliwa, ni kama oili ya injini iliyolala usiku kucha. Afu misuli ya kigimbi ndo inayosukuma damu kurudi juu, ukikaa masaa bila kuichezesha damu inatuama miguuni, ndo unaona mama anavua viatu anavishika mkononi kwa sababu miguu imevimba. Sasa mtu kaja kutibiwa presha na anaondoka na miguu mibovu kuliko aliyokuja nayo.

Huyo fizio nilimfahamu kwa ajili ya mgongo wangu mwenyewe, kazi yetu unaijua Dokta, kukaa kutwa nzima na barabara zenyewe ndo hizo. Nilikuwa najua mgongo ukiuma unalala, yeye akasema hapana, kulala siku nzima kunaudhoofisha zaidi, akanifundisha vitu ambavyo mwanzoni nilivicheka, unalala chali kwenye mkeka umekunja magoti unanyanyua kiuno polepole unashusha polepole, unapiga magoti na mikono chini unakunja mgongo juu kama paka unashusha, na kutembea kwa miguu kila siku hata kama ni kidogo. Sikutokwa jasho hata. Mgongo ulianza kuachia taratibu, ila kitu ambacho sikukitegemea ni kichwa. Nilikuwa silali, nagombana na abiria kwa mia mbili, nyumbani ndo usiseme, na usingizi uliporudi na ukali nao ukapungua. Sisemi mazoezi yanatibu kila kitu, mtu mwenye sonona kali, ule ugonjwa wa huzuni, anahitaji daktari na dawa zake, lakini hata watafiti wanakubali kwamba mazoezi yanapunguza sonona na wasiwasi, na sio lazima yawe ya kukimbia.

Na hapa ndo penye shida ya mji wetu. Moshi ukisema mazoezi watu wanaelewa mbio. Karibu na mwisho wa Februari kila mwaka mji unajaa wakimbiaji wa marathoni, kilomita 42, hoteli zote zimejaa, na sisi bajaji tunapata hela kwa hiyo silalamiki. Afu kuna ile Jumamosi ya pili ya kila mwezi, agizo la watu kufanya mazoezi alilolitoa Mama Samia Desemba 2016 akiwa bado Makamu wa Rais, jambo zuri kabisa, ila nenda uone wanaotokea: vijana wa joging, tisheti za kufanana, spika kwenye gari, wanakata mtaa. Bibi wa miaka sabini mwenye kitenge na magoti yanayolia ataingilia wapi pale? Atasimama barazani awapungie mkono arudi ndani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaja mpaka yeye, unasema watu wazima wapate dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, wenye presha na kisukari wakiwemo, na wenye miaka 65 kwenda juu waongeze mazoezi ya nguvu na ya kujibalansi siku tatu au zaidi kwa wiki, kwa sababu ya kuanguka. Mzee akianguka akavunja nyonga unajua wewe kuliko mimi inavyoishia. New Zealand wana programu inaitwa Otago, ya chuo kikuu cha huko, fizio anamfundisha mzee mazoezi ya miguu na ya kujibalansi anayafanya nyumbani kwake, hamna mashine kubwa, na kuanguka kulipungua kwa karibu theluthi moja. Theluthi moja Dokta, kwa kunyanyua visigino na kusimama kwa mguu mmoja umeshika kiti!

Ninachokifikiria mimi kwenye benchi ni vitu vya namna hiyohiyo. Kunyoosha goti moja mbele unahesabu mpaka tano unashusha. Kunyanyua visigino. Kuzungusha mabega. Kusimama na kukaa bila kujisukuma kwa mikono, anayeweza, asiyeweza ashike. Chupa ya maji ya nusu lita ni uzito wa nusu kilo tayari, ya bure. Kipimo ni kwamba mtu aweze kuongea na jirani yake ila akijaribu kuimba ashindwe, na asibane pumzi maana kubana pumzi huku unajikaza kunapandisha presha. Mwisho wanavuta pumzi kwa pua wanaitoa taratibu kuliko walivyoivuta, moyo unatulia. Mama zetu hawahitaji kuvaa suruali wala kulala chini mbele za watu kwa mambo haya, yote ni ya kwenye kiti au ya kusimama umeshika kiti.

Mpangilio nao nimeuwaza, usidhani naropoka. Presha ipimwe kwanza, maana inatakiwa mtu awe ametulia si chini ya dakika tano, akitoka kwenye mazoezi namba itapanda bure na ataongezewa dawa. Sukari hivyohivyo, wengi wanakuja hawajala kwa ajili ya kipimo, na anayetumia insulini au baadhi ya vidonge ukimfanyisha mazoezi tumbo tupu sukari inaweza kushuka ghafla akaanguka palepale, kwa hiyo apime, anywe chai yake, ndo aingie. Ambaye presha yake imeonekana iko juu sana, au kifua kinambana, huyo aende kwa daktari asiguswe. Waliobaki ndo hao wanaosubiri kuitwa na kuchukua dawa, na huo ndo muda wenyewe. Msuli ukifanya kazi unavuta sukari kwenye damu hata kama insulini ya mwili imeshakuwa vivu, kwa hiyo hiyo nusu saa ni sehemu ya matibabu yaleyale waliyoyafuata.

Wafundishaji hatuwatafuti mbali. KCMC, hospitali kubwa ya rufaa ya hapa Moshi, wanafundisha mafizio toka miaka ya sabini, wanafunzi wapo hapahapa mjini na wanahitaji watu wa kujifunzia, wakisimamiwa na mwalimu wao au na fizio wa hospitali sioni kigumu kiko wapi. Barua moja ya ofisi yako inatosha kuanzia kituo kimoja.

Kingine, hawa wazee wako peke yao sana. Watoto wako Dar, wanakuja Desemba, mji unajaa magari, mbuzi anachinjwa, Januari nyumba imebaki na bibi na kuku. Kuna meku mmoja, yaani mzee kwa Kichaga, namleta kliniki, njia nzima anaongea yeye tu, na nimegundua siku hiyo ndo anaongea na watu. Ukimweka kwenye mstari na wenzake wanahesabu moja mpaka kumi kwa sauti, wanachekana nani kashindwa kusimama kwa mguu mmoja, wakaanza kukumbushana mazoezi ya nyumbani, atakuwa na watu wa kumuulizia asipoonekana.

Benchi za vituoni nyingi hazina egemeo, kwa kusimama zinahitajika viti vya plastiki vyenye mgongo, na viwekwe ukutani visiteleze. Mwenyekiti wa mtaa wetu nimeshamgusia, anasema viti vya kikundi vya msiba vipo stoo na havina shida kuazimwa asubuhi mradi hakuna aliyefiwa, na kuvibeba nitavibeba mimi na bajaji yangu, nauli sidai. Tunasubiri siku tu utuambie, Dokta.