Breka ikikatika usikimbilie kuweka kubwa

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongee na wapangaji na wenye nyumba wa hapa Dar, maana kipupwe ndo hichi kimeingia na kila mtu anataka hita ya bafuni. Mwezi uliopita nusura tuungue na watoto hapa Tabata, na kilichosababisha naona kinafanyika nyumba nyingi tu.

Nilinunua hita ya kuogea ile ya papo kwa papo, imeandikwa wati 5500. Fundi akachukua laini kwenye soketi ya jikoni iliyo upande wa pili wa ukuta, waya ya 2.5 (unene wake, milimita za mraba), akaunga akapiga tepu, kazi ikaisha. Siku za kwanza ikaenda poa, alafu ikawa nikioga huku dada wa kazi kaweka birika la umeme, breka inakatika. Nikamwita fundi, akaniambia "dada hiyo breka ya ampea 20 ni ndogo, tuweke 32", akaweka, na kweli haikukatika tena na mimi nikashukuru kabisa. Wiki ya pili nikaanza kusikia harufu ya plastiki kuungua, natafuta jikoni sioni kitu, mpaka asubuhi moja soketi inatoa moshi na ukuta pale ukiugusa ni wa moto, nikakimbilia mein switchi nikazima.

Tukamwita fundi mwingine, mzee mmoja wa Buguruni. Kufungua tu, waya nyeusi, ganda lake linapukutika mkononi. Akanikalisha chini akanipigia hesabu, wati 5500 gawanya kwa volti 230 unapata ampea 24, birika la wati 2000 linaongeza karibu 9, hapo ni 33, na waya ya 2.5 ikiwa ndani ya bomba ukutani inabeba 20 na kitu hivi. Alafu joto la waya linapanda kwa mraba wa ampea, yani ukipitisha 33 mahali pa 20 joto linakuwa zaidi ya mara mbili na nusu. Na waya zetu nyingi zinapita juu ya dari chini ya bati, saa nane mchana kule juu ni tanuri kabla hata hujawasha kitu.

Jamani kazi ya breka ni kulinda waya. Ile ya 20 ilikuwa inatuambia waya imezidiwa na sisi tukaitoa, tukaweka ya 32 ambayo kwa ampea 33 inakaa tu kimya huku waya inaungua.

Mzee kavuta laini mpya ya hita peke yake, kutoka kwenye breka moja kwa moja mpaka bafuni, waya ya 6, breka ya 32, switchi yake nje ya bafu, na ethi, ile waya ya kupeleka umeme uliovuja ardhini, imeenda mpaka kwenye nondo iliyochimbiwa chini. Akaongeza RCD ya miliampea 30, yani kifaa kinachokata umeme ukivuja, maana breka ya kawaida haishtuki umeme ukipita mwilini mwa mtu, na hita hizi nyingi koili iko uchi ndani ya maji, sasa nyie mnaotumia visima vya chumvi hapo muwe makini sana, chumvi inapitisha umeme vizuri mno. Na ukienda Kariakoo kununua waya ikwangue, ikitokea nyeupe ndani ya rangi ya shaba hiyo ni aluminiamu, rudisha.

Wenye nyumba naomba kabla mpangaji hajafunga hita mwiteni fundi mwenye leseni ya EWURA, ile mamlaka ya serikali ya kusimamia nishati na maji, aangalie laini. Hapa uani kwetu kuna vyumba viwili vina hita alizofunga yule yule fundi wa kwanza, Jumamosi mzee anakuja kuzifungua na mama mwenye nyumba kakubali kulipa nusu ya waya.

Ni mimi msomaji wenu,
Mama wa watoto wawili,
Tabata, Dar es Salaam