Taarifa ya Mwenyekiti wa kikundi cha kuhifadhi magazeti ya zamani kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025, Lamu

Assalamu alaykum, wazee wangu, ndugu zangu na dada zangu.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitazirefusha. Kamati ilikaa mara nne, wanafunzi walikuja mara mbili kusoma magazeti, na kurasa tulizopiga skani zimefika 2,100. Nyingi nimezipiga mwenyewe dakani kwangu, yaani kwenye baraza ya mlangoni, kwa skana niliyoinunua kwa pesa zangu. Nalisema kwa kuwa wapo walioulizia.

Fedha: wanachama ni 48, ada ni shilingi 100 kwa mwezi. Zilitakiwa 57,600, zimeingia 21,400. Intaneti, hadiski, chai na nauli za boti kwenda Mokowe zimekula 19,850, zimebaki 1,550. Mkutano wa Agosti tulikuwa watu 11. Inaniuma kuona wanaonilaumu kwenye WhatsApp mpaka usiku wa manane ndio ambao mkutanoni siwaoni wala kwenye daftari la ada hawamo.

Sasa nije kwenye lawama yenyewe, kwamba mwezi wa Machi nilifungia magazeti ya watu.

Mnalikumbuka gazeti la 1968 lililotoka chini ya kasha la nguo, lingali linanukia udi. Ukurasa wake una picha ya jahazi, habari ya bei za nazi isiyo na jina la mwandishi, na chini kabisa shairi la beti sita lenye lakabu ya mtunzi. Tuliuweka kwenye folda ya wote mtandaoni. Baadaye mtu akalikata lile shairi, akalichapisha kwenye fulana na kuziuza. Beti ya sita, ile ya kaditama, yaani ya kumalizia, ambamo mtunzi alijitaja, akaiacha nje.

Siku ya nne ya Ramadhani, baada ya Alasiri, binti wa mtunzi, ambaye sasa ni marehemu, alinijia na ile fulana mkononi. Hakupiga kelele. Alisema, "Kaka, haya ni maneno ya babangu. Jina lake mmelipeleka wapi?" Sikuwa na jibu. Usiku ule ule nikaifunga folda, kisha nikaita kamati. Kati ya saba walikuja wanne, wakaafiki. Kwa hiyo anayesema niliamua peke yangu hasemi kweli. Na anayesema ningengoja mkutano mkuu, namuuliza: yule dada ningemwambia arudi baada ya miezi tisa?

Wengi wenu mlishikilia kwamba gazeti likitimiza miaka 50 ni huru. Nami niliamini hivyo, mpaka nilipoisoma Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 kwa utulivu. Ukurasa mmoja una hesabu zaidi ya moja. Picha ni miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ilipotolewa, basi lile jahazi limekuwa huru tangu 2019. Habari isiyo na jina nayo ni vivyo hivyo. Lakini shairi ni la mtunzi, na miaka yake 50 huanza kuhesabiwa mwisho wa mwaka aliofariki. Huyu alifariki 1989, kwa hiyo hadi mwisho wa 2039 shairi ni mali ya warithi wake, kama shamba la minazi lilivyo mirathi. Lakabu nayo ingehesabiwa tangu kuchapishwa, lau mwenyewe hajulikani. Hapa Lamu nani hamjui? Akishajulikana, hesabu inarudi kwenye kifo chake. Na haki ya kutajwa jina sheria inaitambua peke yake, mbali na pesa.

Mwalimu mmoja alileta hoja nzuri kwamba maktaba za umma na vituo vya kumbukumbu visivyofanya biashara vimeruhusiwa kunakili kwa manufaa ya umma. Ni kweli. Lakini sisi tumesajiliwa kama kikundi cha kijamii, na folda ambayo yeyote mwenye simu anachota atakacho si chumba cha kusomea.

Kwa hiyo tumeondoa kila kilichochapishwa baada ya 1974, pamoja na mashairi na barua zote zenye jina ambazo hatujui mwenyewe alifariki lini. Zimebaki kurasa 640 hivi. Al-Islah, gazeti la Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui lililotoka Mombasa 1932, limebaki; mwenyewe alifariki 1947, na muda wa maandishi yake uliisha na mwaka 1997. Mambo Leo, jarida la serikali ya Tanganyika lililoanza 1923, tumebakisha habari za serikali, na mashairi ya wasomaji tunayapitia moja moja. Hakuna kilichofutwa. Karatasi zenyewe ziko salama, mchwa hawazifikii, na anayetaka kusoma anakaribishwa dakani.

Mwakani, inshallah, tunatarajia kuiandikia Bodi ya Hakimiliki kuomba ushauri, kupata chumba chetu wenyewe, na kuzitembelea familia za watunzi kuomba ruhusa ya maandishi. Yule dada ametupa ya kwake, kwa sharti kwamba shairi lisomwe lote. Nimelirudisha kwenye folda wiki iliyopita, beti zote sita.

Ada za nyuma zipokewe na mweka hazina leo kabla hatujatawanyika.

Wabillahi tawfiq,
Mwenyekiti