Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Chama cha Mpira wa Mikono wa Ufukweni

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua, sitazirudia kwa urefu. Mazoezi yalifanyika kila Jumamosi na Jumapili alasiri, isipokuwa siku za bamvua maji yalipofika hadi uwanjani. Tulicheza mabonanza mawili, tukapokea wageni kutoka Zanzibar, tukanunua mipira minne na utepe mpya wa mipaka. Timu ya wasichana inaendelea vizuri.

Fedha. Wanachama walioandikishwa ni 58, waliolipa ada ya shilingi 20,000 ni 17. Mapato 340,000, matumizi 612,000, na upungufu wa 272,000 nimeulipa kwa mfuko wangu. Risiti ziko kwa mweka hazina. Semina ya sheria za mchezo niliyoiandaa ilihudhuriwa na watu 9. Nawaomba mkumbuke idadi hiyo, kwa sababu sasa nafika kwenye jambo ambalo naona ndilo lililowaleta leo kwa wingi huu: uamuzi wa kumfungia nahodha wetu mechi tatu.

Ilikuwa nusu fainali, kipindi cha pili. Mshambuliaji wa wapinzani aliruka adake mpira hewani na kufunga kabla hajagusa mchanga, bao la pointi mbili. Nahodha akamsukuma kiunoni akiwa juu. Kijana alianguka kwa bega na shingo. Wanaosema mchanga ni laini hawakuwa karibu. Mimi ndiye niliyemshika kichwa mpaka alipoweza kukaa. Mtu aliye hewani hana pa kujizuia, na kwa kosa hilo kadi nyekundu ni halali kabisa. Nahodha alipoonyeshwa kadi aligoma kutoka, kisha akamrushia mwamuzi mchanga kwa mguu.

Nimeambiwa kwamba alishaadhibiwa uwanjani, kwa hiyo tumemwadhibu mara mbili. Sikubali. Katika mpira wa mikono wa ukumbini anayetolewa kwa muda hukaa nje dakika mbili. Kwetu ufukweni anarudi pindi mpira unapohamia kwa timu nyingine. Hata wa kadi nyekundu, yeye harudi, lakini mwenzake anaingia badala yake wakati huohuo. Siku ile timu ilipungukiwa mtu kwa kitambo kidogo tu, na tukashinda! Kama chama kingenyamaza, wadogo wangejifunza kwamba kumwangusha mtu kunalipa.

Wengine wamenitajia Norwei. Ni kweli, mwaka 2021 huko Varna, Bulgaria, wanawake wa Norwei walivaa kaptura badala ya bikini iliyoamriwa, wakapigwa faini ya euro 1,500, na baadaye kanuni ya mavazi ikabadilishwa. Niliwaunga mkono wakati ule na ninawaunga mkono leo. Lakini wao walipinga kanuni bila kumgusa mtu, tena wakiwa wamejiandaa kulipa. Kumfananisha nahodha wetu nao ni kuwakosea wale akina dada.

Lililoniumiza zaidi ni maneno kwamba nilimlipizia kisasi kwa kuwa tuligombea naye kiti hiki. Kamati iligawanyika tatu kwa tatu, na katiba yetu inampa mwenyekiti kura ya turufu. Niliipiga nikijua gharama yake. Kijana huyu nilimpokea hajui hata kuruka mchangani, nikamnunulia jezi yake ya kwanza. Fainali tulichukua kipindi cha kwanza, tukapoteza cha pili, tukafungwa kwenye mashuti ya mmoja dhidi ya kipa, na pengine yeye angetuokoa. Najua. Hata hivyo ningepiga kura ileile. Ningeshukuru zaidi kama wanaonilaumu wangekuwa miongoni mwa wale 17 waliolipa ada.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia kupata mdhamini, kusomesha waamuzi wetu wenyewe na kuingia shule za jirani. Tutaona namna ya kupata taa za jioni pia.

Adhabu ya nahodha imekwisha. Jezi yake namba 7 iko kwangu, imefuliwa. Namwomba aje aichukue kabla ya mazoezi ya Jumamosi, na kama ataona vyema, tukae tuzungumze.

Mwenyekiti