Kabla hujanunua springi, gari lako lina kilo ngapi?

Kila mwaka ikifika Mei, watu wanapoanza kuandaa magari ya msimu wa watalii, ombi tunalolisikia zaidi hapa gereji ni hili: "Fundi, gari limekaa chini nyuma, niongezee bapa mbili." Bapa ni vile vipande virefu vya chuma vinavyopangwa kimoja juu ya kingine kuwa springi ya nyuma. Na sisi tunajibu kwa swali: likiwa na wageni, ekseli ya nyuma inabeba kilo ngapi? Wengi hawajui, na hatuwalaumu. Land Cruiser ikishakatwa chesisi hapa Arusha, ikarefushwa, ikapewa bodi mpya, paa la kuinua, viti saba vya wageni, friji na tairi mbili za akiba, kitabu cha kiwandani hakina tena cha kukuambia. Springi zilizokuja nalo zilichaguliwa kwa ajili ya gari jingine.

Tupige hesabu pamoja. Dereva na wageni saba, tukiwapa kilo 75 kila mmoja, ni kilo 600. Gari lenye matangi mawili ya lita 90 likijazwa dizeli limeongeza kilo 150 hivi. Katoni ya maji yenye chupa 12 za lita moja na nusu ni kilo 18, na hakuna safari ya siku nne inayobeba katoni moja. Bado mabegi, bado friji. Na uzito ukikaa nyuma ya ekseli unazidi kilo zake zenyewe: kama kati ya ekseli mbili kuna mita 3, kilo 100 ulizoziweka mita moja nyuma ya ekseli ya nyuma zinaikandamiza kwa kilo 133, na zile 33 zinanyanyuliwa kutoka mbele. Ndiyo maana dereva anasema usukani umekuwa mwepesi mwepesi baada ya tairi za akiba kuhamishiwa mlango wa nyuma.

Sasa springi. Springi ndiyo inayobeba gari. Shokapu, ile mitungi ya oili inayofungwa karibu na springi, kazi yake nyingine kabisa, tutaifikia. Ugumu wa springi unapimwa kwa kilo zinazoishusha sentimita moja. Springi ya kilo 50 kwa sentimita, ikibebeshwa kilo 500 kwenye pembe moja ya gari, inashuka sentimita 10. Ukifunga ya kilo 100 kwa sentimita itashuka 5 tu, na gari litasimama vizuri likiwa limeegeshwa. Ngoja lirudi tupu kutoka Seronera, katikati ya Serengeti. Pembe ile ile sasa ina kilo 300, springi imeshuka sentimita 3 peke yake. Tairi ikikutana na shimo la sentimita 6, springi inaweza kuisukuma chini hizo 3 tu, haiwezi kulifuata mpaka chini, inaning'inia hewani kisha inatua kwa kishindo. Mgongo wa dereva unajua habari hii kuliko sisi.

Msimu mmoja tuliletewa gari lililoongezwa bapa tatu kila upande kwenye gereji nyingine. Wageni walikuwa wakilalamika tangu wanapita geti la Lodoare la kuingia Ngorongoro, pale lami inapoishia. Tulipoliingiza shimoni tukamulika kwa tochi, tukaona mahali shokapu ya kulia inapofungwa kwenye chesisi pamepasuka, ufa mwembamba kama unywele, kingo zake zina kutu nyekundu, na ndani yake vumbi jeupe la njia ya Naabi, geti la kuingia Serengeti, limejaa limekuwa kama chokaa. Springi ilikataa kukunjika, kwa hiyo kilichokunjika ni chesisi. Tulitoa bapa zote tatu, tukachomelea ufa na kuuwekea kiraka cha chuma, kisha tukafunga springi za hatua mbili: bapa za juu laini zinazofanya kazi gari likiwa tupu, na bapa nene za chini ambazo hazigusi mpaka mzigo uwepo. Kwa gari la watalii, linaloenda limejaa na kurudi tupu, hatujaona chaguo bora zaidi ya hilo.

Kwa mbele, Land Cruiser za toleo la 70 zilizotengenezwa tangu 1999 zina koili, yaani springi ya chuma kilichozungushwa. Tunawaomba sana wateja waachane na zile raba za kusokomeza katikati ya koili ili gari linyanyuke. Mizunguko iliyoshikwa na raba haifanyi kazi tena, basi iliyobaki inabeba kazi ya yote, na siku moja koili inakatika. Kuikata koili ni vilevile: inakuwa fupi na inakuwa ngumu kwa wakati mmoja. Na kuipasha moto kwa gesi ndiyo mbaya kuliko yote, maana chuma kinapoteza ule ukakamavu kiliopewa kiwandani na hakirudi tena.

Shokapu inatuliza springi. Ndani yake pistoni inasukuma oili kupitia vitundu vidogo, na ule mdundo unageuka joto. Kwenye barabara iliyojikunja kama bati kuelekea Naabi, pistoni haipumziki. Oili inachemka, inakuwa nyepesi, inatoa povu, na dereva anaona gari limeanza kuelea ingawa asubuhi lilikuwa zima. Kwa hiyo tunachagua shokapu nene yenye oili nyingi na gesi ya kuzuia povu. Zenye mtungi mmoja hupoa haraka zaidi, lakini jiwe likibonyeza mtungi pistoni inakwama. Zenye mitungi miwili huvumilia mawe, na kwa njia zetu hizo ndizo tunazofunga mara nyingi.

Kuna kipimo ambacho dereva anaweza kukifanya mwenyewe bila kifaa. Baada ya kilomita kumi za bati, simama mahali salama, sogeza mgongo wa kiganja karibu na kila shokapu, uguse kwa tahadhari. Zinatakiwa ziwe na moto. Ile iliyo baridi peke yake haifanyi kazi, hata kama kwa nje haijavuja tone.

Nguvu ya shokapu lazima iendane na springi. Ikiwa dhaifu, gari linadunda mara tatu nne baada ya kila tuta. Ikiwa ngumu kupita kiasi, tairi haiwahi kurudi chini kabla ya mkunjo unaofuata, na gari linazama kidogo kidogo hadi linakalia raba za kuzuia, zile zinazozuia ekseli isigonge chesisi. Ndiyo maana tunachagua springi kwanza. Urefu nao tunaupima baada ya springi kukaa: raba za kuzuia zinatakiwa ziguse kabla shokapu haijafika mwisho wake. Ukinyanyua gari sentimita 5 ukabakiza shokapu za zamani, zitavutika hadi mwisho kila tairi inaposhuka na kung'oka masikio, yaani matundu yanapofungiwa.

Ukija kwetu, njoo na tangi limejaa na mizigo yako ya kawaida. Viti tutavijazia mifuko ya mchanga. Tunapima ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake, likiwa limejaa na likiwa tupu, pamoja na kimo kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa madigadi kwa kila pembe. Namba hizo tunakuandikia na kukupa, hata ukiamua kununua springi kwingine. Bolti za kushikilia springi kwenye ekseli tunaweka mpya, na bushi za raba tunazikaza gari likiwa limesimama kwa tairi zake, maana zikikazwa gari likiwa juu ya jeki zinabaki zimejipinda muda wote na zinachanika mapema. Ukishatembea kilomita 500 rudi tukaze bolti upya. Kazi hiyo ya pili hatutozi, na ukituambia siku moja kabla, hukai foleni.