Miwani ya jua haizuii kostiki

Mhariri, naomba kanafasi niongee na wenzangu tunaopika sabuni za mche nyumbani. Juzi nimemkuta dada mmoja anakoroga kostiki soda, ile kemikali kali ya kupikia sabuni, kwenye ndoo huku kavaa miwani ya jua, eti imetosha, wakati tone linapita juu au pembeni linaingia moja kwa moja jichoni. Jamani kostiki siyo mchezo, inapenya ndani ya jicho kuliko hata asidi nyingi na upofu upo.

Nunua miwani ya kujikinga ile yenye mpira unaobana uso pande zote na matundu ya hewa yaliyofunikwa, siyo yale yaliyo wazi maana maji yanapita. Ukiwa unakoroga ndoo kubwa vaa na kioo cha kufunika uso mzima juu yake, ila kile kioo peke yake hapana, kwa chini kiko wazi.

Na kostiki ndo inamwagwa kwenye maji kidogo kidogo, usigeuze ukamwaga maji juu ya kostiki, italipuka usoni. Ikikuingia jichoni osha papo hapo kwa maji safi yanayotiririka, dakika zisipungue 15, kope umezishikilia wazi, halafu hospitali.

Mpika sabuni, Dar es Salaam