Barua ya wazi kwa wanafunzi wa fizikia mnaopika vipimo

Wanangu na wajukuu zangu,

Mwezi uliopita nilialikwa kusimama maabara wakati wa jaribio la pendula, yaani gololi inayobembea kwenye uzi, katika chuo ambacho sitakitaja, na niliyoyaona huko yamenikosesha usingizi. Makundi manane yalipima mvutano wa dunia, na yote manane yakakabidhi 9.8. Kundi la binti mmoja lilikuwa limepata 9.5. Nilimwona akichukua kifutio, akafuta taratibu, akaandika 9.8 juu yake, na ile 9.5 ya penseli ikabaki kuonekana kwa chini kama kovu. Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwa adabu: "Ndivyo tulivyoelekezwa, mwalimu. Jibu lenyewe linajulikana."

Basi nawasimulia habari za mtu aliyepata theluthi tu ya jibu lililojulikana, akakataa kuifuta namba yake.

Ray Davis, mkemia wa Marekani, aliweka tangi katika mgodi wa dhahabu wa Homestake, South Dakota, karibu mita 1,500 chini ya ardhi, akalijaza lita 380,000 za kimiminika kile kile wanachotumia madobi kusafishia nguo bila maji. Alikuwa akitafuta nyutrino, chembe ndogo mno zisizo na chaji, zinazozaliwa katika kiini cha jua pale hidrojeni inapoungana kuwa heli. Nyutrino za jua zipatazo bilioni 60 hupenya kila sentimita ya mraba ya ngozi zenu kila sekunde, hata usiku, kwa kuwa usiku hutujia kutoka chini baada ya kuipenya dunia nzima, na karibu zote hazigusi kitu. Mara chache mno moja hugonga atomu ya klorini iliyomo katika kimiminika hicho na kuigeuza kuwa argoni. Davis alipitisha gesi ya heli ndani ya tangi ili kuzikusanya atomu hizo za argoni, kisha akazihesabu moja moja kadiri zilivyooza. Kwa hesabu za mwanafizikia John Bahcall, tangi lilipaswa kutoa atomu kama tatu kila siku mbili. Lilitoa moja.

Tulieni hapo kidogo. Ni atomu moja kwa siku mbili katika tani 600 za kimiminika, na ni nani asingedhani kwamba nyingine zimempotea? Wengi walidhani hivyo, na wakasema. Davis hakuiongeza namba yake ili aelewane na watu. Aliingiza kwa makusudi kiasi cha argoni alichokijua, akakitoa tena, akaonyesha kwamba njia yake karibu haipotezi kitu, kisha akarudi kupima. Matokeo ya kwanza aliyatoa mwaka 1968. Kipimo kilipofungwa mwaka 1994, namba ilikuwa bado theluthi. Kwa zaidi ya robo karne mtu huyu aliambiwa kwamba ama yeye amekosea ama jua lenyewe halieleweki, naye akaendelea kuandika alichokiona. Je, angekuwa na kifutio cha yule binti, leo tungejua nini?

Maana hakukosea yeye, wala Bahcall hakukosea. Katika mgodi wa Sudbury nchini Kanada, kilomita mbili chini ya ardhi, wanasayansi walioongozwa na Art McDonald walitumia tani 1,000 za maji mazito, yaani maji yenye hidrojeni nzito, ambayo huweza kunasa aina zote tatu za nyutrino (ya elektroni, ya myuoni na ya tau), ilhali klorini ya Davis hunasa ile ya elektroni peke yake. Mwaka 2001 na 2002 walionyesha kwamba jumla ya nyutrino inalingana na hesabu za jua, ila theluthi mbili zimebadilika njiani na kufika zikiwa za aina nyingine. Chembe inayobadilika hivyo lazima iwe na uzito, na nadharia yetu kuu ya chembe ilikuwa imeandikwa kana kwamba haina. Davis alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002, akiwa na umri wa miaka 88.

Nyutrino za angahewa zilikuwa zimekwisha kutoa ushahidi wa mabadiliko hayo mwaka 1998, kule Japani, katika tangi la Super-Kamiokande lenye tani 50,000 za maji. Hizi huzaliwa miale ya kosmiki, yaani chembe zenye nguvu zitokazo anga za mbali, inapogonga hewa juu yetu. Zile za aina ya myuoni zilizoshuka kilomita kama 15 zilikuwa kamili, lakini zilizopenya dunia kilomita karibu 13,000 zilikuwa karibu nusu tu. Tangi hilo hilo lilipasukiwa na balbu zake za kunasa mwanga zaidi ya 6,000 mnamo Novemba 2001, na wenyewe wakalijenga upya. Someni habari hizo wenyewe, na msome pia habari za Herb Chen, aliyebuni matumizi ya maji mazito na kufariki mwaka 1987 bila kuona tone likimiminwa.

Wala msiniambie kwamba hayo ni mambo ya mbali. Nyutrino za angahewa zilinaswa kwa mara ya kwanza mwaka 1965, katika migodi miwili ya dhahabu: Kolar nchini India, na East Rand nchini Afrika Kusini, zaidi ya kilomita tatu chini ya ardhi, mahali palipochimbwa kwa jasho la Waafrika waliokatazwa kusoma katika vyuo vya wale waliopima. Ninyi mmefunguliwa milango hiyo, na sisi wazee tunawapokea kwa kuwapa jibu kabla hamjashika uzi. Tunahesabu alama za juu, tunazisoma kwa kipaza sauti siku ya mahafali, na hatuulizi hata mara moja daftari la maabara liko wapi. Aibu hiyo ni yetu kwanza.

Binti yangu, kama barua hii imekufikia, usilitupe daftari lile. Nadhani uzi mliupima hadi juu ya gololi badala ya kufika katikati yake, na hilo peke yake laweza kuishusha namba kiasi hicho. Nitakuwa pale Jumatatu asubuhi. Njoo na rula, tuupime pamoja.