Barua kwa mwanangu, kabla hujavuka kwenda Kilwa Kisiwani

Mwanangu Saidi,

Salamu nyingi kutoka hapa Kivinje. Habari za safari yenu nimezipata kwa shangazi yako, si kwako. Ameniambia unakuja Jumamosi na wenzako wa chuo, na kiongozi wa msafara ni wewe. Nimefurahi, Mungu anajua, hata wauza samaki nimewaambia. Lakini mama awe wa mwisho kusikia? Haya.

Langu ni moja: maji. Jumamosi mwezi utakuwa wa kumi na nne, bamvua hiyo, maji yanajaa na kupwa kupita kawaida. Saa nne asubuhi yatakuwa yamekupwa, mikoko imesimama kwenye tope. Saa kumi jioni yamejaa, kisha yanaanza kutoka, na upepo wa kusi siku hizi hauna adabu kuanzia mchana. Ratiba yenu inasema Kisiwani asubuhi, Songo Mnara mchana, kurudi magharibi. Hiyo kaiandika mtu wa bara. Songo Mnara ni kisiwa kingine, iacheni, ina siku yake.

Kisiwani peke yake kunawatosha. Kibali chukueni Kilwa Masoko mapema. Mkishuka, Gereza hilo mbele yenu, Waomani walilijenga palipokuwa na ngome ya Wareno ya 1505. Msikiti Mkuu usiwapitishe mbiombio. Waingie chini ya kuba, wainue macho, waone mawe ya matumbawe yalivyoshikana kwa chokaa tu. Halafu Husuni Kubwa, jumba la sultani wa zamani, kule juu ya mwamba, kwenye birika la pembe nane lililojengwa karne ya 14. Hapo ndipo uwaeleze dhahabu ya Sofala, kule Msumbiji, ilivyopita hapa, na yule msafiri Ibn Battuta alivyousifu mji huu alipofika 1331. Najua utaeleza vizuri, ulimi huo umeutoa kwa babu yako. Vigae vya vyombo vya Kichina wataviona chini ya miguu yao. Asitie mtu mfukoni hata kimoja.

Jaketi okozi zihesabu kabla hamjapanda, kila mtu na yake. Nahodha akikwambia "ni hapa tu, karibu," shuka, tafuteni mwingine. Ya baba yako mdogo sirudii. Kuogelea hujui, na sababu yake tunaijua mimi na wewe.

Mbuzi amezaa mapacha. Bati la jikoni bado linavuja. Fundi alichukua kianzio, sijamwona tena. Bibi anauliza betri za redio, zile kubwa, usilete ndogo kama mara ile. Dada yako anataka kuja nanyi. Nimemkatalia, usimtie maneno.

Nipigie kabla ya Ijumaa uniambie mko wangapi, nikanunue pweza na nazi za kutosha. Na uniambie mnavuka saa ngapi kurudi. Zaidi ya saa tisa sitaki kusikia.

Mama yako